Wageni wa Kiangazi

Kiangazi cha Tabora wengi wenu mnakijua. Vumbi, upepo wa kukausha midomo, na usiku wa Julai baridi inayowafanya watu watafute masweta ya zamani chini ya sanduku. Hatukuwahi kufikiri kwamba wako watu duniani wanaokisubiri kiangazi mwaka mzima, kama watoto wanavyosubiri Krismasi. Tulilijua hilo mwaka 2019, tulipopata wageni.

Jumapili moja ya mwezi Mei, baada ya ibada, kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama alisimama akasoma barua. Wakunga watatu wa Denmark walikuwa wamepata ufadhili wa kutumia wiki sita za kiangazi chao ughaibuni, wakifanya kazi bega kwa bega na wakunga wenzao, nao walikuwa wamechagua kuja Tabora. Basi ughaibuni kwenyewe safari hii kulikuwa kwetu. Ni jambo geni kidogo kujikuta wewe ndiye nchi ya mbali, na huku unaishi pale pale ulipozaliwa, unakwenda sokoni kwa miguu, na muuza mkaa anakudai.

Sisi tunaosimulia habari hii ni wauguzi wanne wa wodi ya wazazi katika hospitali ambayo hatutaitaja. Wote tumeolewa, wote tuna watoto, na wote tumo katika kikundi kile cha akina mama. Kwa hiyo tulipewa kazi mbili kwa mpigo: kuwapokea wageni wodini kama wenzetu wa kazi, na kuwapokea nyumbani kama wageni wa kanisa. Ile ya pili ndiyo iliyotunyima usingizi kwanza. Watalala wapi? Watakula nini? Choo je? Tulipaka chokaa nyumba ya mmoja wetu, tukaazima vitanda, tukachukua kwa mkopo dukani kitambaa kizito cha rangi ya bluu tukashona mapazia makubwa ya kufika sakafuni. Mume wa mwenzetu mmoja aliyatazama yale mapazia, akatazama na karatasi ya deni, akauliza, "Hao wageni wanakuja kufanya kazi au kutazama mapazia?" Hatukumjibu. Akina mama mnajua kuna maswali ya waume ambayo hayajibiwi siku hiyo hiyo.

Walifika mwanzoni mwa Julai kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, wamejaa vumbi na wamechoka, lakini wanacheka. Mmoja alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mwingine wa umri wetu, na wa tatu binti wa miaka ishirini na saba aliyekuwa amejifunza Kiswahili kwa miezi mitatu. Huyo binti alimwamkia "shikamoo" mtoto wa miaka sita pale stesheni, na mtoto kwa heshima zote akaitikia "marahaba". Tulicheka mpaka wapagazi wakageuka. Tangu siku ile majina yao ya kizungu hatukuyahangaikia sana. Mtu mzima tukamwita Shangazi, wa pili Dada, na binti tukamwita Mdogo. Watoto walimwita Shangazi "Bibi", naye mwanzoni alishtuka, maana kwao hakuwa na mjukuu.

Siku nne za kwanza tuliwalisha wali na kuku. Ya tano Shangazi aliingia jikoni bila kubisha hodi, akatukuta sisi wenyewe tumekaa kwenye vigoda tunakula ugali wa mtama na nsansa iliyoungwa karanga. Akauliza kwa nini sisi tunakula kitu kingine. Tukaona haya. Akavuta kigoda, akanawa, akala. Tangu hapo meza ya sebuleni ikawa ya kupigia pasi, na deni la kuku likakoma. Jioni tulikaanga karanga, tukatafuna matobolwa, tukalamba asali ya porini iliyoletwa na jamaa kutoka upande wa Sikonge, na wao wakatusimulia ya kwao. Huko kwao mwezi wa saba saa nne za usiku bado kuna mwanga, watoto wanakataa kulala. Tulipenda pia neno lao la mkunga, ambalo likitafsiriwa linakuwa "mama wa ardhi". Shangazi alisema linatokana na zamani, mtoto alipozaliwa akaokotwa kutoka ardhini. Bibi zetu nao walizalisha chini, juu ya kanga. Tukaona hatukuwa mbali kama tulivyodhani.

Wodini mambo yalikuwa mengine.

Hatutaki kuwachosha kwa hesabu, lakini ni lazima mjue kidogo. Kwao mama mwenye uchungu hukaa chumba chake, mumewe ubavuni, na mkunga yuko naye karibu muda wote. Kwetu, usiku ule tutakaousimulia, tulikuwa wauguzi wawili, na akina mama wenye uchungu walikuwa saba kwenye vitanda vitano. Hapakuwa na pazia kati ya kitanda na kitanda. Ndugu waliowaleta walibaki nje ya geti wamejifunika mablanketi, kwa sababu kanuni ilikuwa kwamba ndugu haingii leba. Beseni, kanga na glovu alikuja navyo mama mwenyewe.

Mdogo alikuwa zamu pamoja nasi. Karibu saa nane za usiku akaletwa kwa bodaboda binti wa kijijini, miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza. Njia ilikuwa imekwisha funguka kabisa. Binti aliogopa. Alibana miguu, akapiga kelele, akamwita mama yake, na kila alipoambiwa asukume akainua kiuno juu. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka. Mmoja wetu akamwambia yale maneno. Hatutayaandika katika gazeti la familia, lakini kila mama aliyezaa hospitali anayajua, yale ya kumkumbusha binti alipoitafuta mimba hakulia. Kisha akampiga kofi la paja. Moja, na jingine.

Mtoto alizaliwa dakika chache baadaye. Wa kiume, alilia vizuri, mama hakuchanika sana, kondo la nyuma likatoka lote. Tulifurahi kama tunavyofurahi kila mara. Tulipogeuka kumtafuta Mdogo ampime mtoto uzito, hayupo. Tulimwona dirishani. Alikuwa nje, chini ya mwembe, amesimama na baridi ile bila sweta. Hakurudi ndani mpaka kulipopambazuka, na aliporudi alichukua mkoba wake akaenda nyumbani bila kuaga.

Siku tatu hatukuongea naye ila salamu. Alikula kidogo, akaingia chumbani nyuma ya mapazia yetu ya bluu. Sisi kwa sisi jikoni tulisema mengi. Tulisema anadeka. Tulisema hajawahi kuona mtoto akifia njiani kwa sababu mama amebana miguu. Tulisema amekuja kutuandika kwenye ripoti yake. Mmoja wetu alisema, na wote tukakubali, kwamba tuliokoa watu wawili usiku ule na hakuna hata aliyesema asante.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuwapeleka wageni Kwihara. Ilikuwa imepangwa tangu mwanzo, tusingeweza kuifuta. Tukaenda wote, wageni watatu na sisi wanne na akina mama wengine watatu wa kikundi, tumebanana kwenye gari la kuazima, na sufuria la pilau miguuni.

Kwihara ni kilometa chache tu nje ya mji. Pale lipo tembe lililojengwa upya mahali alipokaa Daktari Livingstone. Sisi tuliosoma shule za Tabora tulipelekwa pale na walimu tukiwa wadogo, tukakariri. Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja mpaka hapa mwezi Februari 1872. Mwezi Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, naye Livingstone akabaki akisubiri wapagazi, mpaka Agosti alipoanza ile safari ambayo hakurudi. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Akina Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakapitia hapa hapa Unyanyembe. Hayo tulijua.

Tulijua pia kuhusu njia yenyewe, maana ni yetu. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora msafara ulitembea karibu miezi mitatu, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Nguo na shanga zilipanda, pembe za ndovu zikashuka, na pamoja nazo wakashuka watu waliofungwa minyororo. Utani wetu na Wazaramo ulizaliwa katika safari hizo. Hata neno "posho" ambalo sisi wauguzi tunaligombania kila semina ni neno la misafara, chakula cha mpagazi cha siku.

Jambo ambalo hatukulijua alitusimulia Shangazi. Alikuwa amesoma shajara za mwisho za Livingstone kabla ya kuja, na tulipokaa kwenye mkeka kivulini baada ya kutembezwa ndani ya tembe, mama mmoja wa kikundi aliuliza swali la kawaida la sisi wanawake: miezi yote ile, nani alikuwa anampikia?

Shangazi akasema alikuwepo mwanamke aitwaye Halima, mke wa Amoda, mmoja wa watu wa Livingstone. Alikuwepo na Ntaoeka, mke wa Chuma. Siku moja katika miezi ile ya kungoja, hapa hapa Kwihara, wanawake hao wawili waligombana, na Halima akakimbia. Livingstone akahangaika, akaandika na barua ya kumfuatilia. Lakini Halima alirudi mwenyewe. Akasimama nje. Hakutaka kitu ila mwenye nyumba atoke amwambie ingia. Livingstone akatoka, akamwambia aingie, akamwonya wasigombane tena. Halafu akaandika sifa zake, kwamba tangu ampate hajawahi kuwa na sababu ya kumkemea, na kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Hakuishi kutimiza.

Tulinyamaza kidogo. Mama mmoja akasema, "Nyumba hakupata?" Shangazi akasema hajui kama alipata.

Sasa, hatuamini kwamba Shangazi alikuwa amepanga. Alipomaliza wote tukageuka kumtazama Mdogo, ambaye hakuwa mkekani. Alikuwa ameegemea mlango ule wa tembe, nusu kivulini nusu juani, ameshika chupa ya maji. Mwenzetu mmoja ambaye ni mcheshi akamwita, "Haya Halima, ingia ule!" Watu wakacheka. Mdogo akaja, akakaa, lakini hakushika chakula. Akauliza kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Sista, kwa nini ulimpiga?"

Wasomaji wapendwa, hapa ni lazima tuache kujificha. Tumesema "mmoja wetu" alimpiga yule binti. Huyo mmoja wetu ndiye anayeshika kalamu kuandika haya. Lakini tutaendelea kusema sisi, kwa sababu mwenzetu wa zamu alikuwepo na hakuona ajabu, na waliokuwa nyumbani wamelala wameyafanya siku nyingine.

Tulijibu kwa hasira. Tulimwambia wewe una mama mmoja na sisi tulikuwa nao saba. Tulimwambia mtoto angekufa. Tulimwambia kofi la paja halijamuua mtu. Hayo yote yalikuwa kweli na tulikuwa tumeyaandaa kwa siku tatu. Mdogo alisikiliza, macho yakajaa, akasema tu kwamba binti alikuwa anamwita mama yake, na mama yake alikuwa pale nje getini. Alikuwa amesimama naye usiku kucha chini ya mwembe. Kumbe hakuwa peke yake pale nje. Sisi dirishani tulimwona mmoja kwa sababu ya nguo nyeupe. Yule mama alikuwa amejifunika blanketi jeusi, alisikia kila kitu, na Mdogo alimshika mkono kwa sababu hakuwa na Kiswahili cha kumwambia.

Basi hapo maneno yakatuishia.

Aliyeanza kusema alikuwa mama wa makamo wa kikundi, si muuguzi, muuza maandazi. Alisema mzaliwa wake wa kwanza alimzaa na alama ya vidole pajani. Alisema hivyo bila uchungu, huku anagawa pilau. Mwingine akasema yeye aliambiwa ananuka. Mwingine alitukanwa mbele ya kitanda cha jirani yake wa nyumba, akahama mtaa. Ikazunguka mkeka mzima hadi ikatufikia sisi. Na sisi, mwaka 2001, kwenye uzazi wetu wa kwanza, tukiwa wanafunzi wa uuguzi tunaojua kila kitu kilichoandikwa kitabuni, tulipigwa kofi na muuguzi aliyekuwa na umri wa mama yetu. Usiku ule tuliapa kwamba sisi hatutafanya hivyo kamwe. Hatukuwahi kumwambia mtu, hata mume. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita, na hatukukumbuka siku gani kiapo kile kilikwisha.

Tuliokaa mkekani siku ile tukiwatoa wageni tulikuwa saba. Waliowahi kupigwa au kutukanwa wakizaa walikuwa watano.

Shangazi hakutuhubiria. Alisema mkunga aliyemfundisha kazi alikuwa mkali kuliko sisi, na kwamba naye ana sura za akina mama fulani ambazo bado zinamjia. Kisha akaomba pilau zaidi. Tulimpenda kwa hilo.

Wiki iliyofuata tulikuwa na likizo ya siku nne, na ahadi ya kuwapeleka wageni Ujiji, njia ya msafara iishie ziwani. Tulipanda gari moshi jioni. Usiku mzima tulipita Urambo, Kaliua, tukalala vichwa mabegani, na kila kituo wauza asali na ndizi waligonga madirisha. Uvinza, penye chumvi iliyotafutwa na misafara ya zamani, kulikuwa kumekucha na Mdogo alikuwa anafundishwa na abiria mmoja salamu ya Kinyamwezi, "mwangaluka", akawaamkia watu wa behewa zima. Ujiji tuliona ukumbusho na miembe, tukapiga picha kama kila mtu. Samaki tulikula mpaka tukasahau adabu.

Lakini kilichobaki kichwani mwetu ni mazungumzo ya saa moja na muuguzi mmoja wa Kigoma, mwenzetu tuliyesoma naye stashahada, aliyetualika chai. Alitueleza kwamba tangu mwaka 2016 shirika la Thamini Uhai lilikuwa limejaribu, katika baadhi ya vituo vya serikali vya mkoa huo, kumruhusu mama awe na mwenzi wa kujifungua, mwanamke wa kukaa naye leba. Tukacheka. Tukamwuliza wanakaa wapi, vichwani mwenu? Tukataja nafasi, tukataja uchafu, tukataja mashangazi wenye dawa za kienyeji ndani ya kanga. Alitungoja tumalize. Akasema na wao walisema hayo hayo. Akasema mwenzi anampa mama maji, anamkanda mgongo, anamshika mkono, na damu ikianza kutoka vibaya ndiye wa kwanza kuja mbio kutuita. "Mimi zamani nilikuwa nakimbia vitanda vyote kunyamazisha watu," alisema. "Siku hizi nazalisha." Shangazi naye akasema Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaandika hivyo katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kwamba kila mama awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe. Mwongozo huo sisi hatukuwa tumeuona. Huku kwetu miongozo hufika, lakini hufika kwenye kabati la ofisi, na ufunguo wa kabati huwa na mtu aliye likizo.

Wageni wetu waliondoka katikati ya Agosti. Stesheni tulilia, tukapeana vitenge na mitungi ya asali. Mdogo alimwamkia matroni "shikamoo", safari hii kwa mtu sahihi.

Mambo yaliyofuata hayakuwa mepesi, na hatutaki mdhani yalikuwa. Tulimwendea matroni sisi wanne na ombi la kuruhusu mama mmoja mmoja aingie na ndugu. Alikataa, kwa sababu tuliyoitaja na sisi kule Kigoma: hakuna pazia, na ndugu wa mmoja atamwona mwingine uchi. Tukarudi nyumbani. Ni yule mume aliyeuliza habari za mapazia ndiye aliyesema, huku anasoma gazeti, kwamba kuna mapazia mazima ya bluu yanaliwa na vumbi chumba cha wageni. Deni lake lilikuwa bado halijaisha. Kikundi kikayakata, kikayashona upya, fundi wa kanisa akafunga nyaya, na vitanda vitano vikawa vitano kweli kweli. Kikundi kikajitolea kuyafua kila wiki, na kufuatana kwa zamu wanawake wawili wa kukaa na mama aliyeletwa bila ndugu.

Matroni alikubali kwa mchana tu. Usiku ilichukua karibu mwaka mwingine. Wauguzi wawili wa wodi yetu hawajakubali mpaka leo, na hatuwalaumu sana. Wako pia wakwe wa kike wanaoingia leba kupeleleza. Mmoja alimfokea mkwewe kuliko sisi tulivyowahi kufoka, tukamtoa nje kwa upole, na sisi wenyewe tukashangaa kujisikia tukisema, "Mama, humu ndani hatuzungumzi hivyo." Na sisi tumewahi kuteleza tena. Mara mbili tunazozikumbuka. Uchovu wa saa kumi za usiku haujui kiapo.

Takwimu za taifa zinatia moyo. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Tunamshukuru Mungu, na tunajua jasho la nani limo katika tofauti hiyo. Ila waliotoka hai wanahesabiwa sawa, aliyeshikwa mkono na aliyepigwa kofi.

Yule binti tulimtafuta. Ilikuwa mwezi Oktoba wa mwaka ule ule, alipoleta mtoto kliniki kwa chanjo. Tulimwita pembeni, nyuma ya mizani, tukamwambia kwamba usiku ule tulimkosea, na tunaomba atusamehe. Alitutazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akasema, "Sista, mimi nilidhani ndivyo ilivyo." Akamfunga mtoto mgongoni, akaaga kwa kupiga magoti kidogo kama binti wa Kinyamwezi aliyelelewa, akaondoka. Hatukulala vizuri siku ile.

Mwaka 2022 alikuja tena, uzazi wa pili. Safari hii alifika mapema, saa mbili za usiku, pamoja na mama yake. Mlinzi alitueleza baadaye kwamba binti aliuliza kwanza zamu ya usiku ni ya nani, akatajiwa, akakaa kwenye benchi nje. Uchungu ulikuwa umeshachanganya na yeye hakuinuka. Mlinzi ndiye aliyekuja kutuita. Tulitoka na tochi. Mama mtu alisimama, amejifunika blanketi, hakusema neno, anatutazama usoni. Tukawaambia karibuni, ingieni wote wawili.

Alikaa kitanda cha tatu, nyuma ya pazia. Alizaa saa kumi na moja kasoro, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Alipiga kelele nyingi tu. Mama yake alimkanda mgongo mpaka saa tisa, kisha usingizi ukamzidi pale kwenye kiti, mkono wake bado umeshikwa, ikabidi tumwamshe aje ampokee mjukuu.